Safu ya Saba

Safu ya saba ya daftari la wodi inasema KONDO.
Chini yake, kurasa kumi na tisa:
kamili, kamili, kamili,
neno moja kwa kalamu sita,
hata usiku ule umeme ulipokatika Makorora nzima
na mafuta ya jenereta yalikuwa bado yamo kwenye barua ya maombi.

Kamili. Nani aliona?

Siulizi kwa kujiosha. Mwandiko wa Aprili ni wangu.
Usiku wa tatu mfululizo, wazazi watano, vitanda vitatu,
pacha wa Zawena wanalia kwa zamu
kama walinzi wanaokabidhiana lindo.
Nililiinua kwa vidole viwili,
nikalitupa ndooni,
nikaandika.

Siku ya nane alirudi kwa bajaji,
khanga tatu zimelowa, macho yamepanda kwa homa.
Kipande kisichozidi kitumbua
kilikuwa kimebaki mjini mwake.
Alipona. Sisemi zaidi ya hapo, alipona,
na mkwewe akanipa mkono, akanishukuru,
na mkono ule hadi leo sijui niuweke wapi.
Jina la mji huu, ukiliongezea silabi moja mbele,
watu wanatandika mikeka uani.

Kwa hiyo njoo, Pendael. Vaa glavu.
Usikunje pua, hiki ndicho chungu walichopikiwa.
Mntambo hulipima uzito halafu haligeuzi.
Wa Jumapili huligeuza, hapimi.
Mimi nilikuwa natazama nikiwa nimelala vizuri.
Mama hachagui zamu ya kujifungulia.

Suuza damu iliyoganda, taratibu.
Lilaze, upande wa mama juu,
likusanye kwa viganja, kingo zikutane,
kama unavyounga sahani uliyoivunja
kabla mwenye nyumba hajarudi.
Usihesabu kilichopo tu.
Pitisha kidole pale pasipo na kitu.

Sasa geuza. Vitovu viwili.
Cha Kurwa kibanio kimoja, cha Doto viwili,
na uweke palepale wanapotoka, si baadaye kwa kukisia,
la sivyo watapoteana humu beseni,
wao ambao hawajapotezana tangu mwanzo.
Kata ncha, tazama vijitundu vya mishipa.
Mitatu? Andika mitatu.
Miwili? Andika miwili, umwite daktari wa watoto,
wala usiandike mitatu
kwa kuwa jana ilikuwa mitatu.

Na hili pazia lililowatenga,
lishike, lilete dirishani,
lichambue kama ganda la kitunguu.
Tabaka ngapi?
Zikiwa nne, kila mmoja alikuwa na chumba chake,
wakagongeana ukuta tu.
Zikiwa mbili, walikula sinia moja,
na penye sinia moja
yuko anayemega na yuko anayemegewa.
Nenda kawatazame: yupi amepauka,
yupi mwekundu kama nyanya ya Lushoto?

Mlangoni bibi yao amesimama na ndoo mpya yenye kifuniko.
Kaburi la kondo limeshachimbwa nyuma ya jiko,
bodaboda inahesabu dakika.
“Mnatafuta nini humo, hirizi?”
“Pengo, bibi.”
“Na mkilikosa?”
“Tutakupa ulizike.”
Akaiweka ndoo chini, akaikalia.

Pendael hajibu mtu. Ameinama,
jasho linamtoka chini ya kofia,
kidole kimesimama ukingo wa kushoto,
kinakwenda, kinarudi,
kinasimama.

Kisha akavua glavu, akavuta daftari:
*Kondo moja, gramu mia tisa themanini.
Pazia tabaka mbili. Kitovu cha Doto kimeshikia pembeni.
Ukingo wa kushoto umechanika, pengo la vidole viwili.
Daktari ameitwa saa tano kasoro dakika kumi.
Mama hajaondolewa kitandani.*

Maneno yakajaa safu ya saba,
yakavuka mstari, yakaingia ya nane,
panapoandikwa jina la baba.

Nikamwambia aendelee.
Baba atasogea.